Naomba ushauri: majibu ya trigonometria yanayopotea na yanayozidi

Walimu wenzangu, habari za kazi. Vijana wa kidato cha nne wakipewa 2sin²x = sin x, kuanzia 0° hadi 360°, wanagawanya pande zote kwa sin x na kubaki na 30° na 150° tu. Nikiwaonyesha sin x(2sin x − 1) = 0, wanaona haraka kwamba 0°, 180° na 360° zilitupwa.

Kinachonisumbua ni sin x + cos x = 1. Wakiweka kipeo cha pili pande zote, 180° na 270° nazo zinajipenyeza, kwa kuwa hapo sin x + cos x ni −1, na (−1)² ni 1 vilevile. Majibu halali ni 0°, 90° na 360°. Kuhakiki kwenye mlinganyo wa mwanzo hawataki, eti muda hautoshi! Mnawazoeza vipi? Au wachore grafu kwanza?