Oscar ya Daniel Kaluuya: Waganda wana haki ya kuidai?

Mwana_Kagera: Wakuu, jana kijiweni tumebishana hadi kahawa ikapoa. Daniel Kaluuya, yule mwigizaji wa filamu ya Get Out, wazazi wake ni Waganda na jina lake ni la Kiganda tupu. Mwaka 2021 akabeba Oscar ya mwigizaji bora. Mimi nasema tuzo ile ni ya Afrika Mashariki, kama ile ya Lupita ya 2014. Mwenzangu anasema Uganda haikutoa hata senti, isijipendekeze. Nyie mnaonaje?

Bundala77: Kwanza tuweke sawa. Hakuwa mwigizaji bora, alikuwa mwigizaji bora msaidizi. Tuzo kubwa mwaka ule alichukua Anthony Hopkins. Pili, Lupita muache. Alizaliwa Mexico lakini amekulia Kenya, na Kiswahili anazungumza. Kaluuya amezaliwa London 1989, amekulia nyumba za kupanga za halmashauri, mtaa wa Camden. Uigizaji alianzia darasa la Anna Scher kule Islington, hapohapo London, watoto wa kawaida walilipa ada ndogo. Jukwaani alianza kutambulika 2010 pale ukumbi wa Royal Court, akicheza bondia katika tamthilia ya Sucker Punch, akapewa tuzo ya gazeti la Evening Standard ya chipukizi. Mwaka 2018 alipopokea BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya nyota anayechipukia, alisema kwa mdomo wake kwamba yeye ni zao la fedha za umma za sanaa za Uingereza. Mwenyewe kashasema ni wa nani. Sisi tunagombea nini?

Mzee_wa_Sinema: Bundala, hilo neno "msaidizi" umelitamka kama vile aliokota. Ile filamu iliyompa tuzo, Judas and the Black Messiah, ina watu wawili, yeye na LaKeith Stanfield. Wote wawili wakatupwa kundi la wasaidizi! Sasa mhusika mkuu alikuwa nani, kamera? Kaluuya alimbeba Fred Hampton, kiongozi wa chama cha Wamarekani weusi cha Black Panther, kwa sauti, kwa pumzi, kwa mwendo. Mwaka huohuo alichukua na Golden Globe na BAFTA. Usimpunguzie mtu jasho lake kwa sababu ya jina la kundi.

Bundala77: Sijampunguzia. Nimesahihisha kosa.

Bi_Mkubwa_Tanga: Mimi na tuzo sina ugomvi. Mnisaidie hotuba yake ya kupokea Oscar. Mtoto wa watu anasimama mbele ya dunia nzima, anataja mambo ya chumbani ya mama yake na baba yake. Mama mtu yuko London anaangalia, kamera inamwonyesha, kinywa kinauliza huyu anasema nini. Dada mtu kajishika kichwa. Huyo ndiye mnayemgombea? Waganda ninaowajua mimi, binti anapiga magoti kumsalimia mkubwa.

Kijana_wa_Mbagala: Bi Mkubwa, shikamoo. Umeanzia mwisho. Baada ya Mungu alianza na mama yake, akamshukuru kwa kummiminia kila alichokuwa nacho mpaka akaweza kusimama wima. Akaja kwa Fred Hampton, aliyeuawa na polisi Chicago Desemba 1969 akiwa na miaka 21 tu. Chama chake kilikuwa kinalisha watoto chai ya asubuhi kabla ya shule. Baada ya hapo ndipo akasema tuko hai, tunapumua, tushangilie, mama na baba walilala pamoja na mimi nipo hapa. Ni furaha ya kuwa hai. Tusi liko wapi?

Bi_Mkubwa_Tanga: Marahaba. Lakini usinifundishe kusikiliza, mwanangu. Nimelea watano peke yangu, baba yao alitangulia mbele ya haki wa mwisho akiwa mgongoni. Mmoja wao akipata siku ya kunishukuru hadharani, anishukuru kwa stara. Furaha haikatazwi, ila ina mahali pake.

Kijana_wa_Mbagala: Samahani mama, sikukusudia hivyo. Ila hata mimi nimelelewa na mama peke yake, na nikikumbuka ile hotuba machozi yananilenga. Mnaosema aibu mnamuangalia mama aliyeshtuka, mimi namuangalia mama aliyeshukuriwa mara tu baada ya Mungu.

Nakalema_Kla: Mimi ni Muganda, niko Kampala, naomba niseme. Magoti tunapiga, ni kweli. Lakini msitupimie Uganda kwa sentensi moja ya mtu aliyezaliwa London. Na wewe Bundala, umesema hatukutoa senti. Mama aliyeondoka hapa na lugha yake, na malezi yake, huyo si mchango?

Bundala77: Senti ilisemwa na mwenzake Kagera, si mimi. Soma vizuri dada.

Nakalema_Kla: Na wewe umemuunga mkono. Nimesoma vizuri sana.

Mwana_Kagera: Jamani, niliuliza tuzo ni ya nani. Sasa tuko chumbani kwa wazazi wa watu.

Mzee_wa_Sinema: Dada Nakalema nakuunga mkono, ila nijibu hili. National Theatre ya Kampala ipo tangu 1959. Mtoto wa Kawempe anayeandika tamthilia yake ya kwanza akiwa na miaka tisa, kama Kaluuya alivyofanya, anampeleka nani pale? Ada anamlipia nani? Hilo ndilo linaloniuma kuliko uraia wa tuzo.

Nakalema_Kla: Analipa mama yake. Anauza matooke, analipa. Nimewaona wengi.

Bundala77: Basi hapo tumekutana. Mama analipa, serikali haipo. Kule vilikuwepo vyote viwili.

Bi_Mkubwa_Tanga: Mmeona? Mnarudi kwa mama palepale. Ndiyo maana nililia na hotuba. Siku mama yake atakaposema mwenyewe kwamba hakufedheheka, nitanyamaza. Ila ile sura niliiona kwa macho yangu.