MJADALA: Fundi akikuwekea Linux badala ya Windows ya kukraki, amekusaidia ama amekuonea?

Fundi wa Kondele (Kisumu)
Wakuu, tuongee hii maneno ya Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta mahali pa Windows, bila kuoneana haya. Tangu Microsoft waache kusapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wananiletea hapa zile laptopu eks-UK za miaka mingi wakitaka Windows 11, na hiyo 11 inadai chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0 na prosesa ambayo hizo mashine hazina, kwa hivyo mteja anapewa njia mbili tu, ama ilazimishwe kwa njia ya panya ama anunue ingine. Ya tatu haitajwi.

Na Office je? Nyingi ninazofungua ziko na Office ya kukraki, yaani imevunjwa kufuli itumike bila kulipiwa. Mnajua vile inawekwa. Ile aktiveta, kiprogramu cha kuvunja hiyo kufuli, kabla ifanye chochote, inakuambia uzime antivairasi. Yaani mgeni anabisha usiku anakuambia funga mbwa kwanza ndio niingie, na wewe unaenda kufunga mbwa! Mteja hajui hayo, amelipa ameenda, baadaye mafaili ya flashi yote yamegeuka shotkati anarudi kusema ni stima iliharibu.

Msimamo wangu, mafundi tuache kukraki. Mtu awekewe LibreOffice mahali pa Office, Firefox ya intaneti, VLC ya video, na kama mashine imechoka, Linux Mint, aina moja ya Linux. Ni bure kihalali, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na laiseni yenyewe inakuruhusu kumgawia jirani. Na msiniambie ni mambo ya wazungu wenye wakati, Ubuntu, ambayo ni Linux pia, ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na mpaka 2011 walikuwa wanawatumia watu sidii za bure kwa posta.

Sekretari, Kakamega
Fundi shikamoo, lakini kuja ukae kwa kiti changu siku moja ya mitihani. Walimu wananitumia karatasi kwa WhatsApp, zimetypiwa kwa Word, fonti ni Calibri. Nikifungua na hiyo LibreOffice yako swali la 7 linaruka peji ingine, mchoro wa moyo wa biolojia unalalia maandishi, jedwali limepasuka katikati, na depyuti amesimama mlangoni anataka kopi za kidato cha pili kabla ya breki. Sasa hapo nimhubirie depyuti juu ya uhuru wa programu? Alafu watoto wa kompyuta hapa wanafunzwa Access ya kuhifadhi data na Publisher ya kupanga kurasa, zote za Microsoft.

Fundi wa Kondele
Marahaba dada. Hiyo ya kuruka peji naijua, mara nyingi ni fonti. Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Linux, kwa hivyo LibreOffice ikiikosa inachukua ingine yenye herufi pana, mstari unajaa mapema, sentensi inashuka, mpaka swali linahama. Weka fonti za bure, Carlito mahali pa Calibri na Caladea mahali pa Cambria, hizo zilichongwa herufi kwa herufi kwa upana ule ule. Times New Roman nayo inashikiwa na Liberation Serif. Mistari inakaa pale pale.
Lakini mchoro uliobandikwa ndani ya kisanduku cha maandishi, sikudanganyi, hiyo bado inasumbua. Kama hakuna cha kurekebisha mwambie mwalimu atume PDF.

Mchapishaji, Nakuru
Mimi nachapisha mabango na kadi za harusi. Klaenti anakuja na faili ya CorelDRAW, ile programu ya kuchora ya kulipia, printa kubwa inaongozwa na programu ya Windows peke yake, na Inkscape, ile ya kuchora ya bure, ukiiuliza mambo ya CMYK, zile rangi nne za uchapishaji, ni kichwa kuuma. Nisipomaliza leo anaenda kwa jirani.
Na si mji wa Munich kule Ujerumani ulihamisha kompyuta za serikali yake kwa Linux miaka mingi, 2017 baraza likapiga kura warudi Windows? Kama wao na bajeti yao walirudi, fundi wa Kondele ni nani.

Mama Saiba, Nakuru
Kwangu kwa saiba LibreOffice iko kwa mashine za wateja na hakuna hata anauliza. Mtu anaandika barua, anaprinti, anaenda. Hata ile fomu ya ushuru ya KRA ya kudownload, iko ya Excel na iko ya ODS, yaani ya LibreOffice, ni vile watu hawaibonyezi.
Lakini kuwekea mtu bila kumwambia hapana. Shangazi yangu fundi fulani alimpatia mashine akamdanganya ati ni Windows mpya. Kufika nyumbani modemu haishiki, printa imekataa, na kijiji kizima hakuna mtu amewahi kuona hiyo skrini, ikabidi alipe tena irudishwe vile ilikuwa. Sasa huyo mtamwambia nini juu ya Linux? Alishaapa.

Msomaji, Eldoret
Mnaongea kama hii kitu ni ngeni huku. KenyaEMR, ile ya rekodi za wagonjwa kwa kliniki nyingi, imejengwa juu ya OpenMRS, ambayo ni programu huria iliyoanza 2004 kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret na taasisi ya Regenstrief ya Marekani. Na hiyo nayo ilitanguliwa na mfumo wa kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, 2001. Kwa hivyo Munich wachana nayo.
Lakini angalieni kwa nini ilishika. Nesi hakuachiwa flashi akaambiwa jisaidie. Kulikuwa na pesa ya wafadhili, watu wakafunzwa, kukikwama kuna mtu wa kupigiwa simu. Shangazi ya Mama Saiba alikuwa na nani wa kupigia?

Fundi wa Kondele
Hapo ndio penyewe. Programu ni ya bure, mimi si wa bure, na mafundi wengi tunaogopa kusema hivyo. Mimi nacharge ile bei ya kuweka Windows, na kurudi kuuliza maswali iko ndani. Na sifuti kitu kabla ya kujaribu, Mint inawaka kutoka kwa flashi bila kugusa diski, kwa hivyo mteja aje na modemu yake na printa yake tuone mbele yake kama zinashika. Zikikataa arudi na Windows yake, namwekea LibreOffice juu yake, nayo tumeondoa aktiveta.
Mchapishaji, wewe sikuguzi, baki na Corel yako, lakini ulipie.

Mchapishaji, Nakuru
Kulipia ni wewe utanichangia? 😂

Sekretari, Kakamega
Ukipita huku leta hiyo flashi, tuiwashe na printa ya ofisi depyuti akiona. Lakini Access hujanijibu.

Fundi wa Kondele
Access sina jibu. Base, ile ya data ndani ya LibreOffice, inaweza kusoma majedwali, zile fomu na ripoti za mradi wa mwanafunzi haziingii. Kompyuta za labu ziacheni na Windows, tuanze na ya ofisi.