Kwa nini wakusanyaji wanazipita Orient, Vostok na HMT?

Reli_ya_Kati (Tabora): Wadau, naomba tujadili. Anayeanza kukusanya saa za mashine, yaani za springi zisizo na betri, anakimbilia jina la Uswisi, au Seiko 5 ya Japani kwa sababu wazee walivaa. Orient ya Japani, Vostok ya Urusi na HMT ya India zinakaa mezani soko kuu hadi zinaota vumbi. Lakini Orient inaunda mashine yake yenyewe, ile yenye namba 46943 ilianza 1971. Saa kibao za Uswisi za bei ya kati ndani zina mashine ya kununua kwa kiwanda kingine, ETA 2824 au Sellita SW200, kisha jina linapigwa usoni. Inakuwaje anayenunua mashine aheshimiwe kuliko anayeiunda?

Isevya_Juu (Tabora): Sababu zipo. 46943 haijazwi kwa ufunguo, kile kitufe cha pembeni, na ukivuta ufunguo mshale wa sekunde hausimami. Mwenye saa nyingi anavaa moja, nyingine zinalala. Akiichukua iliyolala inabidi aitikise kwanza, na kuiweka sawasawa na sekunde za redio hawezi. Pili, ukitaka kuuza, nani ananunua? Na wenzetu wa Kigoma, mwisho wa reli, hata wakiwa nayo hakuna fundi. Kule ni kubadilisha betri na kumwaga mafuta ya cherehani.

Mwanga_Sokoni (Kigoma): Kaka, reli ilifika kwenu 1912, kwetu 1914. Kwa miaka miwili tu ndiyo mnatuona washamba? Mafuta ya cherehani yapo kila mji, na Tabora yapo. Futa hiyo kauli kwanza, tukae tuongee saa.

Isevya_Juu: Sifuti. Nitajie meza moja Kigoma yenye mafuta halisi ya saa.

Fundi_Ujiji (Kigoma): Vijana, mkitukana mafundi tukaneni kwa elimu. Mafuta ya cherehani ni mepesi, hayakai penye kito, lile jiwe dogo ambamo ncha ya mhimili inazunguka, yanatambaa juu ya bati lote. Yakikutana na vumbi yanakuwa uji mweusi na balansi, gurudumu linalopiga tiki-tiki, inachoka. Mafuta ya saa, mfano Moebius 9010, yanatulia pale yalipowekwa. Kipimo chake: kikombe cha kito kijae nusu, kisizidi theluthi mbili. Pivoti (ncha za mhimili) za uma, kile kipande kinachoachia gurudumu jino kwa jino, usizipake kabisa, paka nyuso za vito vyake tu. Anayepaka kila kitu anaharibu, hata mafuta yawe ya bei gani.

Reli_ya_Kati: Shukrani mzee wangu. Sasa turudi kwa wakusanyaji…

Tanganyika_Pwani (Kigoma): Mimi Vostok siigusi. Ukifungua ufunguo wa Amphibia, saa yao ya kuzamia, unalegea na kucheza kama jino bovu. Kiwanda kikiachia kitu kama hicho unategemea nini huko ndani?

Mwanga_Sokoni: Hapo umekosea kabisa, ndugu yangu. Ule ulegevu wamekusudia. Ufunguo na mhimili wake vimeungwa kwa kiungio kinachocheza, ili ukiugonga pigo lisifike kwenye mashine. Amphibia ni ya 1967, ya kiwanda cha mji wa Chistopol, inazama hadi mita 200. Mfuniko wa nyuma haujizungushi, unakandamizwa na pete yenye hesi juu ya mpira mpana. Ukizama, maji yenyewe yanausukuma mfuniko ndani na mpira unabana zaidi. Kwa mtu wa ziwani ungetaka nini tena? Kioo ni plastiki nene, kikichubuka unasugua kwa dawa ya meno. Kasoro yake ya kweli ni tarehe. Mashine ya 2416 haina njia ya mkato, inabidi upeleke mishale ipite saa sita usiku, uirudishe hadi saa mbili usiku, uipeleke tena, mpaka ufike tarehe yako.

Isevya_Juu: Basi umejibu mwenyewe kwa nini haithaminiwi.

Mwanga_Sokoni: Nimejibu kuhusu tarehe. Kuhusu Kigoma bado unadaiwa.

Kaka_Cheyo (Tabora): Nyie mnasahau Seiko iliwapiga Waswisi kwenye mashindano ya usahihi wa saa ya Geneva, ikawa ya kwanza. Baada ya hapo nani wa kumdharau Mjapani?

Fundi_Ujiji: Haikuwa ya kwanza. Ni 1968, Seiko ilichukua nafasi ya 4 hadi ya 10. Tatu za juu zilikuwa za Waswisi, lakini za kwazi, yaani za betri. Kwa hiyo kwa saa za mashine tupu Mjapani aliongoza. Ushindi huo ulibaki kwa wataalamu, dukani watu waliendelea kusoma jina.

Dada_Gungu (Kigoma): Mimi naona sababu ni feki. HMT ilianza 1961 kwa msaada wa Citizen, mashine ya Janata ni vito 17, ya kujaza kwa mkono, imara. Lakini nyingi zinazokuja sasa uso wake umepakwa rangi upya India. Angalia herufi kwa lenzi: zikiwa nene, kingo zimevimba, au alama za dakika hazikai katikati ya mistari yake ya pembeni, acha. Seiko hivyo hivyo. Mfuniko wa nyuma una tarakimu nne za mashine, kistari, nne za bodi, yaani kasha. Ukisoma 7009 nje, ukafungua ukakuta 7S26, hiyo imeungwa kwa vipande vya saa tofauti. Mkusanyaji akishaumwa mara moja anakimbilia duka la Uswisi lenye karatasi.

Reli_ya_Kati: Hii ndiyo hoja niliyokuwa naisubiri, dada. Tatizo ni soko chafu, saa yenyewe haina kosa.

Isevya_Juu: Na ufundi mchafu. Otomatiki, ile inayojijaza mkono ukitembea, ikitoka kwa fundi, rota (uzito wa ndani unaoijaza) inazunguka vizuri, unaivua saa tatu usiku, alfajiri imesimama. Hilo ni la nani kama si la fundi?

Fundi_Ujiji: Ni la fundi, nakubali. Ndani ya pipa, kopo la springi kuu inayoendesha saa, ncha ya springi haijafungwa, inashika ukuta kwa msuguano, ikijaa inateleza ili isikatike. Ukuta ule unapakwa grisi maalumu ya kushika, Moebius 8213 kwa pipa la shaba, 8217 kwa la alumini. Ukiweka mafuta ya kawaida springi inateleza kabla haijajaa. 7S26 iliyojaa inatakiwa iende kama saa 40 ikiwa mezani. Ikisimama baada ya usiku mmoja tu, mwambie fundi afungue pipa mbele yako, muulize alipaka nini ukutani.

Mwanga_Sokoni: Na akiwa fundi wa Tabora?

Isevya_Juu: Aulizwe vilevile. Lakini la betri sijalifuta.