Waandishi wakigoma Marekani, kwa nini vipindi vya usiku huzimika siku ileile?

Mkesha_Runingani:
Wakuu, salaam. Kuna jambo kwenye migomo ya waandishi wa runinga Marekani halijanikaa sawa. Chama chao, WGA, kiligoma kuanzia 2 Mei 2023, na usiku uleule vipindi vya mazungumzo vya Colbert, Fallon, Kimmel na Meyers vikaanza kurusha marudio. Tamthilia ziliendelea kuonekana muda mrefu. Lakini kwenye mgomo wa 2007/08, Jay Leno na Conan O'Brien walirudi hewani mgomo ukiendelea, bila waandishi. Kwa nini 2023 haikuwa hivyo? Na mtangazaji akiketi tu na mgeni wakapiga soga, hapo amevunja mgomo?

Fundi_Mitambo:
Mkuu, anza na ratiba. Tamthilia ina akiba: vipande vimeandikwa na kurekodiwa wiki au miezi kabla ya kurushwa. Kipindi cha usiku hakina ghala. Vichekesho vya kufungulia vinazaliwa na habari za siku hiyo. Asubuhi waandishi wanapitia habari na kumwaga vichekesho vingi kuliko vitakavyotumika, mchana vinachujwa, alasiri ni mazoezi, kisha kinarekodiwa mbele ya watazamaji na kurushwa saa 5:35 usiku. Mzaha wa Jumatatu, kufika Alhamisi umeshachacha. Waandishi wakitoka mlangoni asubuhi, jioni hakuna cha kurekodi.

Soga tupu inawezekana. Maandalizi ya mahojiano hufanywa zaidi na maprodyuza wanaozungumza na mgeni kabla, si waandishi wa vichekesho. Ndicho kilichotokea 2 Januari 2008: Leno, O'Brien na Kimmel walirudi bila waandishi, kwa sababu wafanyakazi wengine wa vipindi (kamera, taa, mavazi, ofisi) walikuwa wanapoteza ajira kwa mgomo usio wao. O'Brien alijaza muda hewani kwa kuizungusha pete yake ya ndoa juu ya meza. Jon Stewart alirudi 7 Januari na kukibadilisha jina kipindi chake, The Daily Show, kuwa A Daily Show, kuonyesha kwamba bila waandishi si kile cha kawaida.

Karani_wa_Mikataba:
Nyongeza muhimu: usiku huohuo wa 2 Januari, mtangazaji mwingine, David Letterman, alirudi NA waandishi wake, kihalali kabisa. Kampuni yake, Worldwide Pants, ndiyo iliyomiliki kipindi, si kituo kilichokirusha, CBS, kwa hiyo iliweza kusaini mkataba wa muda na WGA peke yake, ikikubali masharti ambayo studio kubwa zilikuwa zinayakataa. Kipindi cha Craig Ferguson kilinufaika pia kwa kuwa kilikuwa cha kampuni hiyohiyo. Cha Leno kilikuwa mali ya kituo chenyewe, NBC, mlango huo haukuwepo. Kwenye migomo ya runinga, uliza kwanza nani anamiliki kipindi. Jina lililoandikwa kwenye bango halikusaidii.

Leno aliandika vichekesho vyake mwenyewe, na hapo sheria mbili ziligongana. Mkataba wa kazi una msamaha kwa mtu anayeandika maneno atakayoyasema mwenyewe hewani. Kanuni za mgomo za chama zilisema mwanachama asiandike. Chama kilimfanyia uchunguzi, na 2009 akaonekana hana hatia. Lakini ugomvi wenyewe uliwafundisha watangazaji waliomfuata kwamba hapo ni pembamba sana. 2023 hakuna aliyetaka kupapita. Bill Maher alitangaza Septemba kwamba anarudi bila waandishi, na siku chache baadaye akaahirisha.

Badala ya kurudi, Colbert, Fallon, Kimmel, Meyers na John Oliver walianzisha podikasti ya pamoja, Strike Force Five, mwishoni mwa Agosti 2023, mapato yakienda kwa wafanyakazi wa vipindi vyao waliokuwa nje ya kazi. Kwangu hiyo ni njia safi kuliko ya 2008: fundi wa taa anapata kitu, na mgomo hautobolewi.

Mkesha_Runingani:
Asante. Na madai yenyewe kwa hawa wa usiku yalikuwa yapi? Kila mahali naona akili mnemba tu.

Karani_wa_Mikataba:
Kwao dai zito zaidi lilikuwa la aina ya ajira. WGA ilisema studio zilitaka kuleta malipo ya kutwa kwa waandishi wa vichekesho. Yaani mwandishi anayelipwa kwa wiki ageuzwe deiwaka: leo aitwe, kesho habari zikipoa asiitwe. Kazi hii haiendi hivyo, kwa sababu mwandishi mzuri ni yule aliyeshika sauti ya mtangazaji wake, na sauti haishikwi kwa siku moja.

Kuhusu akili mnemba, usiishie kwenye vichwa vya habari. Mkataba wa 2023 unasema maandishi ya mashine hayahesabiwi kuwa kazi ya uandishi. Maana yake kwenye pesa: kampuni haiwezi kukupa rasimu ya mashine, ikuite mrekebishaji na kukulipa bei ya chini ya kurekebisha. Inalazimika pia kukwambia kwamba ilichokupa kimetoka kwenye mashine, na haiwezi kukulazimisha kuitumia. Wewe ukitaka kuitumia, unahitaji ridhaa ya kampuni. Viwango vya chini vya malipo kwa ujumla vilipanda 5%, kisha 4%, kisha 3.5%.

Zamu_ya_Usiku:
Kwa nini hawakuajiri waandishi wengine tu? Hapa Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inakataza kuleta mbadala kwenye mgomo halali.

Fundi_Mitambo:
Marekani sheria haikatazi, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1938 kwenye kesi ya kampuni ya Mackay. Kizuizi kiko ndani ya tasnia: asiye mwanachama akiandika wakati wa mgomo, WGA inaweza kumfungia mlango wa uanachama, na studio kubwa zote zimefungwa na mkataba wa chama. Unapata kazi ya wiki chache unapoteza ya maisha.

Halafu angalia wageni wa 2 Oktoba 2023, vipindi viliporudi baada ya mgomo wa waandishi kwisha. Waigizaji walikuwa bado wamegoma hadi 9 Novemba, wasiruhusiwe kutangaza filamu za studio zilizogomewa. Watangazaji wenyewe walikuwa chini ya mkataba mwingine wa chama cha waigizaji usiohusika na mgomo, ndiyo maana waliweza kufanya kazi. Kwa hiyo Kimmel alimleta Arnold Schwarzenegger, na mazungumzo yakawa ya kitabu chake.