Wageni sita Jumamosi: matapa ya Msumbiji au kisamvu chetu? Na haya mabibo tuyafanyeje?

Mwana_Shangani
Wadau, habari za jioni. Jumamosi nina wageni sita hapa Mtwara, wawili wanatoka Mbeya na bibo (tunda la mkorosho) hawajawahi kulitia mdomoni. Mwaka jana nilifika Maputo, nikarudi na kitabu cha mapishi cha Kireno ninachokisoma kwa kutazama picha. Sasa niko njia panda.

Chakula: matapa (kisamvu cha kule, kwa karanga, tui na kamba), au kisamvu chetu cha nazi na pweza pembeni?

Kinywaji: mabibo ndiyo haya yamejaa chini ya mikorosho. Nasikia Brazil na Goa wanayafanyia maajabu. Ila wageni wawili hawagusi pombe, kwa hiyo nataka jagi moja la wote, anayetaka kuongeza kikali aongeze kwenye glasi yake.

Bi_Mkubwa_Ligula
Mwanangu, karanga kwenye kisamvu si mambo ya Maputo. Bibi yangu Newala alikuwa anatia, na Kireno hakukijua. Nikuulize, hicho kitabu kimesema majani yachemke muda gani?

Mwana_Shangani
Shikamoo mama. Kama nimeelewa, dakika 20.

Bi_Mkubwa_Ligula
Marahaba. Basi hujaelewa, au wao wananunua kilichokwisha kuchemshwa. Majani ya muhogo yana sumu. Yatwange mpaka yalainike kabisa, uyachemshe saa nzima, na sufuria usiifunike, sumu itoke na mvuke. Karanga na tui vinaingia baada ya hapo. Wageni ni watu, usiwafanyie majaribio.

Kondakta_Mstaafu
Matapa nimeyala Pemba (ya Msumbiji, sio ya karafuu), miaka ile kabla njia ya Cabo Delgado haijaharibika. Tofauti na kisamvu chetu ni hizi karanga: kule ni mbichi, zinatwangwa ziwe unga, na ni nyingi, mpaka mchuzi unakuwa mzito kama uji. Ukikaanga karanga kwanza unapata kitu kitamu lakini sio matapa. Wanakula na wali au ugali wao wa xima. Mimi kura yangu matapa, maana kisamvu hao wa Mbeya watakipata kwa mama ntilie yeyote.

Jiko_la_Mitwero
Nipo Lindi, napinga. Pweza wa nazi ndiye anayemfanya mgeni apige simu kwao usiku. Kamba wa kwenye matapa wanazama kwenye kijani, huwaoni, huwasikii, na bei yao unaijua. Pweza umpige vizuri, umchemshe kwa maji yake mwenyewe bila chumvi, akishalainika ndio umtie tui. Ukianza na chumvi utatafuna raba.

Kama lazima matapa, basi kamba waingie mwisho kabisa, dakika tatu nne zinatosha. Wakijikunja kama pete wameshakauka.

Kondakta_Mstaafu
Huwasikii? Wachemshe vichwa na maganda yao, chuja, hayo maji ndiyo uongezee kwenye kisamvu. Halafu uje uniambie kama hukuwasikia.

Mkulima_Tandahimba
Nyie malizaneni na kamba, mimi niko kwenye bibo, maana hapo ndipo tunapotupa mali. Mkorosho asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazil, Wareno ndio waliousambaza huku na India karne ya 16. Wenyewe wa Brazil, jimbo la Piauí, wana kinywaji kinaitwa cajuína. Hakina pombe. Wanakamua bibo, wanatia gelatini inayoushika ule ukakasi, wanachuja mpaka maji yanang'aa, halafu wanaichemsha ndani ya chupa mpaka sukari yake igeuke rangi ya dhahabu. Tangu 2014 imetambuliwa rasmi kule kama urithi wa utamaduni.

Goa ni habari nyingine. Feni, pombe yao kali ya bibo, inakenekwa: inachemshwa, mvuke wake unapozwa. Mkeneko wa kwanza, mwepesi, wanauita urrak, wanauchanganya na soda, ndimu na pilipili mbichi. Jina kama uraka wetu, lakini uraka wetu ni maji ya bibo yaliyochacha tu, hayajapita kwenye moto. Na asije mtu hapa akamshauri kijana anunue nipa (gongo ya bibo) ya kichochoroni ili aigize Goa. Ni haramu kisheria, na hujui kilichomo.

Mwana_Shangani
Cajuína nimeipenda. Gelatini nitaipata dukani?

Jiko_la_Mitwero
Soma pakiti kwanza! Nyingine ni ya nguruwe, na umesema wageni wawili hawagusi pombe. Usije ukawaponyesha kwenye glasi ukawaangusha kwenye jagi.

Mkulima_Tandahimba
Dada amesema kweli. Tumia maji mazito ya wali, yale ya uji. Nusu kikombe kwa lita moja ya juisi, koroga, acha itulie, utaona matope yanashuka. Chuja kwa kitambaa mara mbili. Mabibo yawe ya asubuhi hiyo hiyo; lililolala chini limeshaanza safari ya uraka.

Mpishi_wa_Chuno
Nimefanya kazi ya baa miaka kadhaa. Wakenya wana kokteli yao inaitwa dawa: vodka, ndimu, asali na barafu, unakoroga kwa kijiti kilichochovywa asali. Chukua mtindo huo, vodka iache. Juisi ya bibo iliyochujwa, ndimu, asali, tangawizi kidogo. Chupa ya Konyagi iweke meza ya pembeni, kila mtu na dhamiri yake. Ndimu usiiogope, bibo bila ndimu linachosha ulimi.

Mwana_Shangani *(Jumapili)*
Mrejesho. Nilikwenda na matapa, kwa maji ya vichwa vya kamba. Saa nzima bila mfuniko, mama. Tui lilinikatika kidogo kwa sababu nilikwenda kufungua geti nikaacha kukoroga, lakini karanga zilificha aibu. Pweza sikupata, bahari ilichafuka.

Jagi la bibo liliisha kabla wali haujaiva. Mgeni mmoja wa Mbeya alidhani ni embe, akabisha mpaka nikamletea bibo lenyewe na korosho yake ikining'inia chini. Konyagi ilimiminwa glasi mbili tu.

Mkulima, maji ya wali yametoa ukakasi karibu wote, ila juisi haikung'aa, ilibaki na ukungu. Nataka kujaribu ile ya kuchemsha ndani ya chupa kabla msimu haujaisha. Chupa za soda za kioo zinahimili, au zitanipasukia?

Mkulima_Tandahimba
Weka kitambaa chini ya sufuria, anza na maji baridi, usijaze chupa mpaka shingoni. Na safari hii chuja mara nne.