Mjadala: Santuri za bendi za Tabora zikichapwa upya, tudai nini?

Mleta mada, Tabora

Naleta hoja hii nikiwa na santuri moja mezani. Ni ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika, ya Tabora Jazz, na aliyeinunua ni marehemu baba, mfanyakazi wa reli, ambaye kwa desturi ya wakati ule aliandika jina lake kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya katikati ili isije ikapotelea kwenye sherehe za watu. Upande mmoja umeandikwa sehemu ya 1 na wa pili sehemu ya 2, kwa kuwa santuri ya aina hiyo hubeba dakika tatu na ushee tu kwa kila upande, na wimbo wa dansi haukukubali kuishia hapo. Maneno yanaimbwa upande wa kwanza, kisha mtu anainuka, anageuza, anarudisha sindano, ndipo chemko, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, linapoanza. Karatasi ya katikati inataja wimbo na bendi. Mpiga solo hatajwi, wa bezi hatajwi, hata mwimbaji hatajwi.

Kwa miaka mingi sasa, kampuni ndogo za Ulaya na Marekani zimekuwa zikikusanya nyimbo za zamani za Afrika Mashariki na kuzitoa upya, nyingine kwenye CD, kama mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, na nyingine kwenye santuri mpya kabisa. Kila toleo likitangazwa, wapenzi wa zilipendwa hugawanyika: kuna wanaoshangilia kwamba wazee wetu wamekumbukwa, na kuna wanaosema tumeibiwa mara ya pili. Swali langu ni hili: watakapozifikia Kiko Kids, Nyanyembe na Tabora Jazz, tuwapokee vipi, na tuwadai nini?

Nakiri kwamba nilikuwa kundi la wanaosema tumeibiwa. Kilichonifanya nifikiri upya ni habari ya bendi ambayo haituhusu hata kidogo. Inaitwa Pylon, ya mji wa Athens katika jimbo la Georgia, Marekani, na ilipiga muziki unaoitwa posti-panki, wenye gitaa kavu, bezi inayotangulia mbele na mwimbaji anayepaza sauti badala ya kubembeleza. Haikuwahi kuwa bendi ya umati. Wanamuziki wenzao ndio waliowajua: mwaka 1987 jarida la Rolling Stone lilipoita R.E.M. bendi bora ya roki Marekani, mpiga ngoma wa R.E.M., Bill Berry, alisema sifa hiyo inawastahili Pylon. Albamu zao mbili za kwanza, za 1980 na 1983, zilikaa karibu miaka 35 bila kupatikana kwenye santuri mpya, hadi kampuni ya New West ilipozichapa upya Novemba 2020, pamoja na kasha lenye santuri nne na kitabu cha jalada gumu chenye kurasa 200.

Hapo kwenye kitabu ndipo nataka tukae kidogo. Mnunuzi wa Pylon angeweza kusikiliza nyimbo hizo kwenye simu yake kwa bei ya kifurushi. Alichotolea fedha ni santuri ya kushika mkononi, jalada, picha, na masimulizi ya nani alifanya nini: Randy Bewley kwenye gitaa, Michael Lachowski kwenye bezi, Curtis Crowe kwenye ngoma, Vanessa Briscoe Hay akiimba. Bewley alikuwa amefariki tangu 2009, lakini watu wanne wa bendi ya mji mdogo wanajulikana kwa majina na kwa kazi ya kila mmoja. Na biashara hii si ya mzaha. Mwaka 2022 nchini Marekani ziliuzwa santuri takriban milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu 1987.

Sasa rudini kwenye santuri yangu. Hapa Tabora kila mtu wa rika langu atawatajia Salum Zahoro wa Kiko Kids na Shem Karenga wa Tabora Jazz, na atawachezea Segere Matata, mtindo wa Tabora Jazz, bila kuombwa. Ukimwuliza nani alipiga tumba, nani alipiga rizimu, nani alitunga ubeti ule wa mwisho, watabaki wazee wachache, na kila msimu wa mvua wanapungua. Anayetaka kutoa santuri ya heshima, yenye kitabu ndani, hawezi kuyapata hayo Paris wala London. Yapo mitaani kwetu Tabora, Ng'ambo, Isevya, Gongoni, na mengine nadhani yapo Ujiji.

Hata sauti yenyewe wanaitafuta kwetu kuliko tunavyodhani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo bendi zilitegemea Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya kufungwa, njia hiyo ikawa ngumu. Zilizorekodiwa Redio Tanzania zilibaki kwenye kanda zake. Kanda mama ya santuri, ile ya kwanza ya studio, ikiwa haipatikani, anayechapa upya hana njia ila kutafuta nakala ya santuri isiyokwaruzika sana, kunakili kutoka kwenye nakala hiyo, kisha kupunguza mikwaruzo kwa kompyuta. Maana yake ni kwamba boksi lililo chini ya kitanda cha bibi ni malighafi. Kuna mtu alipita mtaani kwetu akinunua santuri za zamani kwa shilingi elfu mbili mbili, watu wakamcheka kwamba ananunua takataka. (Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa tofauti ya bei kati ya asali ya kwenye ndoo na asali ya kwenye chupa yenye lebo, lakini siku ile tulisahau.)

Wapo watakaosema sheria itatulinda. Itatulinda kwa kiasi, na ina saa yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Fanyeni hesabu kwa watu wawili wa Morogoro ambao wote mnawajua: Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965, kwa hiyo miaka yake 50 ilikwisha 2015, Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, yake inakwisha 2029. Watunzi wetu wengi waliishi zaidi ya hapo na haki zao zipo hai, lakini haki hiyo haina mwenyewe ikiwa hakuna anayeweza kuonyesha nani alitunga.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba tuwakaribishe, lakini tusitoe masimulizi bure. Miaka michache iliyopita mgeni mmoja alikaa saa mbili barazani kwa mzee mmoja wa Ng'ambo aliyewahi kupiga saksafoni, akamrekodi mwanzo hadi mwisho, akamnunulia soda mbili na kumpiga picha. Ahadi ya kutuma nakala hatukuisikia tena. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Hakudaiwa kitu na hakutoa kitu. Ningependa atakayekuja baada yake akute masharti yameandikwa: majina yote kwenye jalada, malipo kwa watunzi au warithi kabla ya kuchapa na si baada ya kuuza, nakala za santuri na za kidijitali zibaki Tabora, na sehemu ya 1 na ya 2 zisiunganishwe kwa ujanja wa mitambo. Hilo la mwisho ni la ubishi wangu mwenyewe. Mnaweza kulikataa.

Naomba michango.

Mchangiaji, Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Nina kibanda cha kuchaji simu na kurusha nyimbo, na kwa hiyo naomba nipingane nawe kwa adabu.

Santuri mpya ya aina hiyo huuzwa dola 25 hadi 35. Kwa fedha yetu hiyo ni bei ambayo mteja wangu hawezi kuilipia muziki, na hata akiipata, hana gramafoni ya kuichezea. Mimi nina umri wa miaka 31 na sijawahi kuona sindano ikishushwa juu ya santuri isipokuwa kwenye video. Unaposema nakala zibaki Tabora, nakuuliza: zibaki kabatini, au zibaki masikioni mwa watu? Zilipendwa hazijafa hapa kwa kukosa wazungu wa kuzichapa. Kila Ijumaa jioni wanakuja wavuvi na madereva wa bodaboda kujaziwa memori kadi, na wanaozitaka nyimbo za Tabora Jazz si wazee peke yao.

Nitakubaliana nawe kwa jambo moja, tena linaniuma. Kwenye kompyuta yangu nina nyimbo zaidi ya mia mbili za dansi, na nyingi zinaitwa "zilipendwa 14" au "wimbo wa saba". Aliyenipa alizipewa hivyo hivyo. Kuna wimbo ninaourusha kila wiki ambao sijui hata ni wa bendi ipi. Wateja wanauomba kwa kuuimba. Kwa hiyo ukisema majina ndiyo yanayopotea, hata mimi ninachangia kuyapoteza. Lakini dawa yake ni kuyaweka majina kwenye faili linalotembea. Santuri ya mtu wa Ulaya itatusaidia nini?

Mchangiaji, Isevya, Tabora

Nimewasoma wote wawili. Baba yangu alipiga rizimu katika moja ya bendi mlizozitaja, naye alifariki kabla sijamaliza shule, kwa hiyo naomba mnivumilie nikisema kwa ukali kidogo.

Mnabishana kuhusu santuri na memori kadi kana kwamba hasara ilianza jana. Kwa maelezo ya mama, baba alilipwa mara moja, siku ya kurekodi, na basi. Vyombo havikuwa vyake. Gitaa alilopigia lilirudi kwenye bendi siku alipoacha. Hakusaini karatasi ambayo sisi tunaweza kuionyesha. Tulichonacho ni picha moja ambayo amesimama wa pili kutoka kushoto, suruali ya bugaluu, na nyuma yake kuna mwembe. Ndugu mleta mada anasema jina la baba likiandikwa kwenye jalada tutakuwa tumepata kitu. Nashukuru, lakini jina halilipi ada ya shule. Tena nahofia kwamba heshima hiyo ya jalada itatumika kama malipo: mmetajwa, mnataka nini zaidi?

La pili ni hayo masharti yaliyoandikwa. Yataandikwa na nani? Tukiunda kamati ya mji, kamati zetu tunazijua. Atapatikana mwenyekiti ambaye hakuwahi hata kuinua ngoma, na mgeni akija atapokelewa naye, na sisi wenye picha tutasikia habari baada ya santuri kuuzwa. Afadhali mgeni huyo aje mlangoni kwangu moja kwa moja.

Mleta mada

Dada yangu wa Isevya, kuhusu kamati umenishika, na naliondoa wazo hilo ambalo kwa kweli lilikuwa kichwani mwangu ingawa sikuliandika. Kila familia iandike ya kwake: nani, alipiga nini, mwaka gani kwa kukadiria, nani shahidi aliye hai. Karatasi ikae kwenu, nakala kwa mtu mmoja mnayemwamini. Mlio warithi wa watunzi mjisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema, maana mgeni akiuliza huko asikute ukimya ambao atautafsiri kuwa ruhusa. Kuhusu jina na ada, sikukusudia moja lichukue nafasi ya jingine, lakini mpiga rizimu ambaye hakutunga hana kifungu chepesi cha kumlinda kama alivyo mtunzi. Kwake yeye jina, ile picha na masimulizi ya mama yako ndivyo vitu pekee vyenye bei, na ndiyo maana nasema visitolewe kabla ya makubaliano. Picha hiyo, tafadhali, usimtumie mtu yeyote kwa simu, hata mimi.

Kijana wangu wa Ujiji, marahaba. Gramafoni sina hata mimi. Ya baba ilikufa mkanda zamani na mkanda mwingine sikuupata. Santuri hii niliisikiliza mara ya mwisho nyumbani kwa rafiki, nikairekodi kwa simu, mikwaruzo na yote. Kwa hiyo hatuko mbali sana. Faili linalotembea likiwa na majina ndani yake, nami nitalisambaza. Ila santuri wanaitaka wao, na wao ndio wenye fedha ya kulipa. Sioni sababu ya kuwanyima bidhaa wanayoitaka kwa vile tu sisi hatuitumii. Tumbaku hatuivuti yote hapa.

Na kwa kuwa uko Ujiji, nina jambo. Upande wa pili wa santuri hii, chemko likishakolea, mwimbaji anamwita mpiga solo kwa jina, mara mbili. Mara ya kwanza gitaa linamfunika, mara ya pili kuna mkwaruzo. Mimi nasikia jina la mtu mmoja wa Urambo ambaye nilimjua. Jirani yangu, ambaye alikuwa akiingia dansini kila Jumamosi, anaapa kwamba ni jina jingine kabisa, la kijana aliyekuja kwa treni kutoka Kigoma, akapiga miezi michache na kurudi kwao.

Mchangiaji, Ujiji

Mzee wangu, nitumie kipande hicho, dakika hiyo moja tu. Mjomba wangu anapita hapa kila jioni akitoka msikitini. Yeye huwa anasema aliwahi kupiga gitaa Tabora, na sisi hatukuwahi kumwamini.