Nimeona mfuko wa pensheni umo, na mimi ninunue hisa? Naombeni ushauri

MamaVitabu_Ngamiani: Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vifaa vya shule hapa Ngamiani na nimeweka pembeni milioni mbili. Nataka hisa. Nikifungua taarifa ya mwaka ya kampuni iliyo Soko la Hisa Dar es Salaam, naanza na orodha ya wanahisa wakubwa. Nikikuta mfuko wa pensheni, moyo unatulia, maana wale wana wataalamu. Benki ya CRDB nimeona PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wamo. Niwafuate?

Mzigua90: Dada, orodha hiyo inakuonyesha nani anazo. Alinunua lini na kwa bei gani, haisemi. PSSSF imeundwa 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF, kwa hiyo kuna hisa ilizozirithi tu. Mfuko wa Denmark ulioko CRDB uliingia tangu 1996, benki ikaorodheshwa sokoni 2009. Wewe utanunua kwa bei ya leo.

BinPangani: Hata Marekani, ambako mameneja wakubwa wa mifuko hulazimika kutangaza hisa walizonazo kila robo mwaka, wanapewa siku 45 baada ya robo kwisha. Unaposoma, huenda wameshauza.

Shangazi_Chumbageni: Msimkatishe tamaa. Mwanahisa mkubwa anaweza kuibana bodi kwenye mkutano mkuu kuliko sisi wadogo. Hiyo ni faida, ila haitoshi kuwa sababu ya kununua.

WaPongwe: Tazameni kiwanda chetu hapa Pongwe. 2023 kampuni ya Scancem ilichukua zaidi ya asilimia 68 ya hisa za Tanga Cement kutoka kampuni ya AfriSam, mwaka uliofuata zikahamia kwa kampuni ya Amsons. Mkubwa wa namna hiyo ananunua ili ashike usukani. Mwenye hisa mia mbili anatafuta gawio, yaani sehemu yake ya faida, na siku akitaka kuuza apate mnunuzi.

Mzigua90: Hapo kwenye kuuza ndipo penye kazi. Mfuko unaweza kukalia hisa miaka ishirini. Wewe Januari shule zikifunguliwa utataka kujaza madaftari dukani. Kabla ya kulipa, muulize dalali wa hisa, hisa ngapi za kampuni hiyo huuzwa kwa wiki, na omba uone gawio la miaka mitano.

MamaVitabu_Ngamiani: Januari hunibana kweli, kaka. Nigawe hela?

Shangazi_Chumbageni: Gawa, mwanangu. Ya Januari nunua vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao kila mtu ana vipande vyake; ukivirudisha wanakulipa wenyewe, hutafuti mnunuzi. Inayobaki ndiyo uende nayo kwa dalali.